Mbabula Iliyopigwa Picha ya Mifupa

Kasongo, alasiri, wewe ukiwa bado Nyangwe

Zaina, mwanangu,

Amani ikufuate kutoka kwenye mlango huu mpaka huko unakokwenda.

Umeondoka asubuhi na pikipiki kwenda kumuaga bibi yako, mama wa baba yako, na mimi nimebaki na sanduku lako likiwa wazi kitandani. Nilitaka nikusaidie kukunja nguo, nikakuta zote umekwisha kuzikunja. Basi nimeketi. Nyumba imenyamaza hata nawasikia kuku wa jirani wakichakura nyuma ya jiko. Nimejisemea kwamba kesho itakuwa hivi hivi, na keshokutwa pia, heri nianze kuzoea leo, wakati bado nina hakika kwamba jioni utarudi.

Sitakuandikia habari za koti, wala za chakula, wala za watu wa kuepuka kwenye viwanja vya ndege. Mengine unayajua, na usiyoyajua baridi ya Ufaransa itakufundisha yenyewe. Nataka kukuandikia yale ambayo tukiwa pamoja huwa nayakatiza kwa kusema kuna kitu kinaungua jikoni.

Watu wa mtaa wananiuliza unakwenda kusoma nini, nami nawajibu vibaya. Jana mwalimu wa msikitini aliniuliza, nikamwambia, "Anakwenda kupiga radio vyungu," ile picha ya mifupa ya lopitali. Alicheka, akafikiri ninamtania. Lakini ndivyo nilivyoelewa siku ile uliponionyesha kwenye simu yako. Kijiti cha kauri, kifupi kama njiti ya kiberiti, kimeshikwa huku na huku, kinavutwa, kinapashwa moto, na huku kinazungushwa polepole ili mionzi ikipite kila upande. Kisha kompyuta inakusanya zile picha zote na kuziunganisha, mpaka mtu anaweza kutembea kwa macho ndani ya kitu bila kukikata. Uliniambia kauri hiyo ina nyuzi ndani, nyembamba kuliko unywele, na kwamba itawekwa kwenye injini za ndege, mahali penye joto ambapo chuma kingelegea. Nikakuuliza, "Na kikikatika?" Ukasema, "Mama, tunataka tuone kabla hakijakatika. Ufa unaanzia wapi, unapita wapi, nyuzi zinaushikilia mpaka lini." Nikaitikia tu. Lakini wewe ulikuwa unaniangalia, na nilijua sote wawili tunamfikiria Mama Amisi.

Ile hadithi unaijua kwa upande wako, upande wa mtoto wa darasa la nne. Acha nikupe upande wangu.

Wakati ule mbabula zangu zilikuwa na jina hapa Kasongo. Mwanamke akitaka jiko la udongo la kupikia kwa makaa, lisilomaliza gunia haraka, alitumwa kwangu. Udongo nilikuwa nauchimba mwenyewe bondeni, naufinyanga namna mama yangu alivyonifundisha kule Kabambare, kitako peke yake, bakuli la juu peke yake, kisha naviunganisha na kulainisha kiungo kwa kidole kilichoguswa maji. Kila mbabula iliyotoka motoni niliigonga kwa ukucha. Ikilia vizuri, naiuza. Ikilia kama imefunga pua, naivunja. Ile ya Mama Amisi ililia vizuri. Mpaka leo naweza kuapa.

Mama Amisi alikuwa anakaanga mandazi kwenye mlango wa soko. Asubuhi ile mbabula ilipasuka katikati, karai likainama, na mafuta ya moto yakamwagika miguuni pake. Waliomsikia akilia hawakutaka kunisimulia. Walimbeba na kiti mpaka lopitali, kule kule baba yako alikokuwa akifanya kazi kwenye chumba cha picha za mifupa, chumba ambacho kila mtu hapa anakiita chumba cha radio.

Nilikwenda kumuona jioni. Nilikuchukua na wewe, labda kwa sababu niliogopa kuingia peke yangu. Alikuwa amelazwa, miguu imefungwa vitambaa, dawa zinanuka. Na mimi, Zaina, nikiwa nimesimama mbele ya mwanamke mwenye maumivu kama yale, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili:

"Mama Amisi, ulimwanga maji kwenye mbabula ikiwa ya moto?"

Aliniangalia kidogo. Kisha akageuza uso ukutani.

"Mama Zaina," akasema, "miguu iko inaniuma."

Tukatoka. Njiani ulinishika mkono ukaniuliza kwa nini hatukumpa pole, nikakwambia utembee haraka, mvua inakuja. Hapakuwa na wingu.

Unakumbuka siku zilizofuata. Nilikuwa nikieleza kwa kila aliyepita kwamba mbabula yangu ililia vizuri, kwamba watu hawajui kutunza vitu. Nilikuwa nasema peke yangu hata uani. Unamjua baba yako, hakuwa mtu wa kubishana. Siku moja, kabla ya kwenda kazini, aliniuliza tu:

"Ile ndugu yake iko wapi? Ile mulichoma pamoja."

"Iko nyuma ya nyumba."

"Nipe."

Akaifunga juu ya baiskeli kwa kamba ya mpira, wewe akakuketisha mbele, mkaondoka. Yaliyotokea kule wewe ndiye uliyenisimulia, mara nyingi hata nayaona kama nilikuwapo. Mlingoja wagonjwa waishe. Daktari akaingia, akakuta mbabula imelala juu ya meza ya wagonjwa.

"Baba Zaina, mugonjwa huyu anaitwa nani?"

"Mbabula, dokta."

"Anaumwa wapi?"

"Ndiyo tuko tunatafuta."

Daktari alicheka mpaka akashika mlango, akaruhusu mtumie filamu za zamani ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Baba yako akakutoa nje, akaenda nyuma ya ukuta, akapiga. Picha ya kwanza ilipigwa kutoka juu. Mlipoitoa kwenye dawa ya kusafishia picha haikuonyesha kitu, duara jeupe tu na matundu ya majivu. Nafikiri hapo baba yako angerudi nyumbani akaniambia mbabula ni nzima. Ni wewe uliyemuuliza, "Baba, kwa nini usiilaze ubavu?" Akailaza. Na hapo ndipo ulipoonekana, mstari mweusi, mwembamba, ukizunguka karibu mbabula nzima pale kitako kinapokutana na bakuli.

Ulinieleza baadaye, ulipokuwa umesoma, kwamba ufa uliolala kama ukurasa mionzi ikiupiga usoni hauonekani, mpaka mionzi iupitie kwenye ukingo. Siku ile sikuelewa hayo. Niliona tu mume wangu amesimama dirishani na filamu iliyokuwa bado na unyevu, wewe umeshika pembe moja, na nyote wawili mnaniangalia kwa huruma. Huruma ile iliniudhi kuliko kama mngenisema.

"Huo ni uchafu wa filamu," nikasema.

Baba yako alikwenda uani, akarudi na jiwe, akaliweka mkononi mwangu, mbabula akaiweka miguuni pangu.

"Vunja, mama."

Nikavunja. Ilitengana pale pale kwenye ule mstari, kama kifuniko na chungu chake. Ndani ya kiungo udongo haukuwa umeshikana hata kidogo. Ulikuwa umekauka kila upande kivyake, na mimi nilikuwa nimelainisha nje tu, ngozi nyembamba kama ganda la yai. Kilichokuwa kinalia nilipogonga ni bakuli la juu, lilikuwa zima. Nilikaa chini pale pale. Wewe ulianza kukusanya vipande kimoja kimoja ukiviunganisha tena, na baba yako akakwambia uniache kwanza.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Amisi. Walikuwa wamekwisha kumrudisha nyumbani. Nilibeba ile filamu nimeiviringisha ndani ya kitenge, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, kiungo, hewa, mionzi, maneno ya baba yako ambayo hata kuyatamka sikuweza vizuri. Nikamkuta ameketi barazani, miguu juu ya kigoda. Nikamfungulia filamu, nikamwonyesha dhidi ya jua. Aliitazama muda mrefu.

"Mimi naona mawingu tu," akasema.

Nikaanza kumweleza. Akaisukuma kando kwa mkono, si kwa hasira, kama mtu anavyosukuma pazia.

"Mama Zaina, nilikuwa nakungojea wewe. Hii karatasi haijue kunipa pole."

Nikampa pole. Nililia hata nikaona haya, na yeye akalia, kisha akaniambia niache sasa, nikaangalie kama mjukuu wake amewasha moto. Tangu asubuhi iliyofuata nilikaa pale kwenye mlango wa soko nikikaanga mandazi yake, na wewe ukitoka shule ulikuja kunisaidia, mpaka miguu yake ikapona. Mandazi yangu yalikuwa magumu. Wateja wake walivumilia kwa ajili yake.

Nakuandikia haya kwa sababu unakwenda kuishi na mashine zinazoona kila kitu. Utaketi na watu wanaojua kuonyesha ufa ulipo, na utakuwa mmoja wao, na utakuwa hodari, nalijua hilo. Mimi siku ile nilikuwa na ukweli mkononi, umepigwa picha, hakuna wa kuukataa, na ulikuwa karibu kunizuia kufanya kitu kimoja kilichohitajika. Ningeweza kusimama pale barazani nikieleza mpaka jua lizame.

Mazuri yalifuata, unayajua. Niliacha kuunganisha. Nikaanza kuinua mbabula nzima kutoka tonge moja. Nikachanganya udongo na vigae vilivyosagwa, kisha nyuzi za mchikichi zilizokatwakatwa. Nyuzi ziliungua motoni zikaacha vijitundu, na tulipovunja tulikuta mara nyingine ufa umefika kwenye kijitundu ukaishia hapo. Wewe ndiye uliyekuwa unavunja. Ulivunja kwa furaha hata jirani akaniuliza kama mtoto huyu ana shetani. Baba yako akipata filamu iliyoharibika aliniletea picha za mbabula, akazitundika kwenye kamba ya nguo zikauke. Nikipita pale na ndoo nilikuwa nikiona nguo zako za shule, shati la baba yako, na vyombo vyangu vikiwa vyeupe na vyeusi katikati yake. Sikujua wakati ule kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha. Nilikuwa nalalamika kwamba dawa zinachuruzika juu ya mashuka.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hatulisemi.

Baba yako alipokufa ulikuwa Lubumbashi, mwaka wa pili wa chuo kikuu. Mashine ya lopitali ilikuwa imekwisha kuharibika, lakini hata ingekuwa nzima ugonjwa wa tumbo lake haukuwa wa mashine ile. Tulimzika siku ile ile, kama inavyotakiwa, na wewe hukumuona. Ulipiga simu. Nikaiangalia ikilia juu ya meza. Ulipiga tena, kesho yake, na kesho yake. Niliwaambia watu wakujibu kwamba nimelala, nimekwenda kuswali, niko shambani. Niliogopa kwamba ukinisikia nikilia utaacha masomo urudi. Nilijiona mama mwenye nguvu. Na wewe kule ukafikiri nimekukasirikia kwa sababu hukuwapo, ukaacha mitihani, ukapanda lori moja baada ya jingine, ukaja ukatokea hapa mlangoni umekonda, vumbi mpaka kwenye kope.

Kile nilichokiogopa, nilikileta mwenyewe.

Nakumbuka ulivyosimama. Hukuingia. Ulisema, "Mama, ungesema tu uko unalia. Ningelia na wewe, mimi huko, wewe huku, kisha ningeingia kwenye mitihani." Nikakwambia kuna maji ya kuoga. Ulipoteza mwaka mzima, na hujanilaumu hata mara moja, na mara nyingine natamani ungenilaumu.

Kwa hiyo ukinipigia simu kutoka huko, nitashika. Nikiwa nalia nitashika nikilia. Na wewe usinifanyie kama nilivyokufanyia. Usiniambie baridi si kitu, wenzako wote ni wazuri, umeshiba. Siku ukiona umekaa kwenye ile laboratwari na hakuna hata mmoja anayejua jina lako linatamkwaje, niambie. Sitapanda ndege kuja kukuchukua. Nitasikiliza tu.

Juzi tulipokuwa tunatwanga majani ya sombe uliuweka mchi chini ukaniambia umeamua kuikataa bursi, zile pesa za kukusomesha Ufaransa. Ulisema kuna kazi ya kufundisha Kindu, kwamba ni karibu, kwamba kauri za ndege zina watu wengine wa kuziangalia.

Nikakuuliza, "Uko unaogopa kwenda, ao unaogopa kuniacha?"

Ukasema, "Yote mbili."

"Ingekuwa moja tu, ile ya kwenda, ungebaki?"

Ukatikisa kichwa. Nikachukua mchi nikaendelea kutwanga kwa ajili yetu wawili, nikasema basi tumemaliza hiyo habari. Nilisema kwa ukali kidogo. Ukali ule ulikuwa wa kushika machozi, sasa unajua.

Siwezi kukudanganya kwamba sitakuwa mpweke. Nimekwisha kuwa. Umeondoka asubuhi tu na tayari nimeongea na sanduku lako. Najua jinsi jioni inavyoingia katika nyumba ya mtu mmoja. Saa ya kuwasha moto unatafuta nani wa kumwambia kuni ni mbichi. Unapika, unaona umepika chakula cha watu wengi, unakula kidogo ukiwa umesimama. Mvua ikipiga mabati unafurahi, kwa sababu angalau kuna kelele. Miezi ile baada ya baba yako nilikuwa nikienda sokoni bila haja ya kununua, nashika nyanya, naulizwa, najibu, narudi. Ndiyo hali yenyewe. Haiui. Nakueleza ili ukiipata huko usifikiri umekosea njia, na usifikiri ni adhabu kwa kuniacha. Inakaa, inasogea kidogo, siku nyingine unaamka na hujaikumbuka mpaka mchana.

Jambo moja nimelifanya leo bila kukuuliza, na ni afadhali ulisome kwa mkono wangu kabla hujalisikia kwa watu.

Kaka yangu wa Kabambare alipiga simu saa ya adhuhuri. Binti yake, Riziki, amefaulu, anatafutiwa mahali pa kukaa hapa Kasongo asome sekondari. Akaniuliza kama ninajua familia yoyote yenye nafasi. Hakuniomba moja kwa moja, ingawa alijua chumba chako kitabaki kitupu. Nilimwambia sijui. Nikafunga simu. Nikasimama kwenye mlango wa chumba chako, nikaangalia kitanda, ndoano ya kitenge, ule ukuta uliouchora na makaa ulipokuwa mdogo, na nilikuwa na mpango wangu mzima kichwani: nitafagia kila Ijumaa, nitabadilisha mashuka, nitafunga dirisha ikinyesha, na chumba kitakungoja. Niliona miaka yangu yote imo ndani ya mpango ule. Na nikaiona ya kwako, uko mbali, unajua kuna kitanda kimetandikwa kinakuita kila siku unapochoka.

Nikampigia kaka yangu tena. Nimemwambia amlete Jumamosi.

Kwa hiyo, Zaina, chumba si chako tena. Atalala Riziki, ataweka vitu vyake kwenye ndoano yako, na nafikiri atafuta michoro, watoto wa sasa wanapenda ukuta safi. Kama umekasirika, kasirika, nitasikia kwenye simu. Lakini hakuna kitanda kitupu cha kukurudisha. Siku utakayotamani kuniona, kwa sababu unataka kuniona, njoo. Utalala kitandani kwangu, upande wa ukutani, na nitakusogezea miguu yangu yenye baridi kama ulivyokuwa ukinisogezea yako.

Mama yako,
aliye hapa